Mpaka Uliompita Tufa

Mpaka ulimpita Tufa akiwa anakaanga buni.

Alikuwa amechuchumaa nje ya kibanda chake, chungu kiko mekoni, samli ndiyo kwanza inaanza kunukia, akasikia watu wanaimba. Wimbo aliujua, ni ule wa kubebea magogo, na wala hakushtuka, maana watu wa lango walikuwa hawaishi kukata miti. Lakini sauti zilikuwa zikitoka upande wa nchini kuja huku porini, na huku porini hakuna mwenye akili timamu aliyewahi kuleta gogo. Akainua kichwa. Wakapita mbele yake wanaume wa Jimma, jasho linawatiririka, wamebeba mabegani nguzo mbili za lango. Si nguzo mpya. Ni zile zile alizozijua miaka yote, zenye makovu ya mikuki. Nyuma yao wakapita wenye milango, wakapita wenye makomeo, ikapita ngoma kubwa ya hatari imefunikwa ngozi isipigwe na jua, na mwisho kabisa akapita mkuu wa lango mwenyewe, Abba Dima, juu ya yule farasi mwekundu aliyempa jina, maana Abba Dima ni kusema mwenye farasi mwekundu.

"Abba, mnakwenda wapi na lango?" Tufa akauliza.

"Mbele," Abba Dima akasema, na farasi hakusimama.

Usicheke. Kwetu lango linabebwa. Jimma, ufalme wetu, siku zile kila ikishinda vita ilinenepa, na kila ikinenepa ilibidi mshipi ulegezwe: handaki jipya, uzio mpya, lango lisogezwe. Na mbele ya kila lango tuliacha moga. Moga ni ukanda wa nchi usiolimwa, usiojengwa, usiolishwa ng'ombe, unaoachwa uote nyasi ili adui akija aonekane angali mbali. Kabla ya kuwa moga ulikuwa mashamba ya watu, lakini watu hao nani aliwauliza? Walioruhusiwa kukaa humo ni watu wa damu tu, yaani waliomwua mtu wakakimbia. Ukiua, ndugu za marehemu wana haki ya roho yako popote ndani ya lango, hadi wazee wapatanishe na kondoo achinjwe. Ukishavuka lango, basi, imetoka hiyo. Anayekufuata huko bila ruhusa anahesabiwa mtoro. Na mfalme si mjinga. Wauaji wake aliwaacha waishi mogani kwa sababu walikuwa macho ya bure: adui akija, wao ndio wa kwanza kuona, na wao ndio wa kwanza kufa. Tufa alikuwa mojawapo ya macho hayo.

Alichokifanya hakikuwa siri. Ujanani mwake, walipokuwa wakichimba handaki la lango lile lile kwa msaragambo, kila nyumba ilipewa kipande chake. Nyumba ya kina Tufa ikaangukia mwamba. Jirani yake, Guta, akaangukia udongo laini, akamaliza mapema, akakaa ukingoni anakunywa pombe ya shayiri na kumtania mwenzake mbele ya wasichana walioleta vibuyu. Akamwambia handaki lake hilo adui ataliruka na mbuzi mgongoni. Watu wakacheka. Tufa naye akacheka, wote waliokuwapo wanasema alicheka, halafu akainua mti wa kuchimbia akampiga nao Guta kichwani, mara moja tu. Hata yeye hadi leo hajui kicheko kile kiliishia wapi na mkono ulianzia wapi. Guta hakuiona jioni ya siku ile. Tufa akaliruka handaki, lile lile lililochekwa, akawa mtu wa moga.

Humo ndimo alimozeekea. Akamwoa Lomi, mjane wa mtu wa damu mwenzake, mwanamke mwenye ulimi mkali kama siki, wakapata mabinti wawili. Lango lilipohama mara ya kwanza aliambiwa mapema, akahama nalo, akaacha migomba yake ile isiyozaa ndizi, ambayo mashina yake ndiyo mkate wetu, akaiacha ikiwa karibu kuvunwa. Akaanza upya. Akapanda mibuni. Sasa mibuni ndiyo imeshika, matawi yameinama kwa mzigo, na lango linapita mlangoni kwake likiimbiwa kama bibi harusi.

Alisimama pale hata samli ikaungua.

"Lomi," akaita. "Sasa sisi tuko wapi?"

"Tuko hapa hapa," Lomi akajibu kutoka ndani. "Na buni zangu zinaungua hapa hapa."

Kwa Lomi neno lilikuwa limekwisha. Kwa Tufa ndiyo kwanza lilikuwa linaanza. Alifanya hesabu zake hivi: kama lango limekwenda mbele, basi mimi niko nyuma ya lango. Nikiwa nyuma ya lango, niko ndani ya nchi. Nikiwa ndani ya nchi, roho yangu ni ya ndugu za Guta. Lakini mimi sijatoka hapa. Sijainua hata mguu. Inakuwaje mtu ahukumiwe kwa kukaa? Akaizungusha hesabu ile kichwani siku nzima, na kila akiizungusha ilirudi pale pale. Akaogopa. Hofu ya mogani aliizoea, ni hofu ya farasi wa Limmu, adui zetu wa ng'ambo ya mto, na hofu hiyo ina upande wake: unajua itatokea wapi. Hii haikuwa na upande.

Kesho yake akamfuata Abba Dima huko mbele, walikokuwa wakisimamisha lango ng'ambo ya mto, karibu na kinamasi. Akamuuliza waziwazi kama kibanda chake kiko ndani au kiko nje. Abba Dima alikuwa mtu wa vita, maswali ya namna hiyo yalimtia kichefuchefu. Akasema nguzo hazijashindiliwa bado, kwa hiyo kule hakujawa ndani, na lango la zamani halipo tena, kwa hiyo si nje pia. Tufa akauliza sasa ni nini. Abba Dima akamwambia ni vizuri zaidi ahame, aje mbele kwenye moga mpya kama wenzake, asimsumbue. Tufa akautazama moga mpya. Ulikuwa nyasi za kinamasi, mbu, na moshi wa vijiji vya Limmu unaonekana kwa macho. Waliokuwa wakiishi hapo mwezi uliopita walikuwa bado wanabomoa mapaa ya nyumba zao wakayajenge kwingine, wamenuna, hawamsalimu mtu.

Akarudi kwake bila jibu. Nyumbani akamkuta mjumbe wa msaragambo amekaa kwenye kigoda chake, ananywa kahawa yake. Mjumbe akamwambia kwamba kila nyumba iliyo ndani ya lango itatoa mtu wa kuchimba handaki jipya, na nyumba hii imo.

"Imo?" Tufa akauliza. "Abba Dima amesema haimo."

"Kwa handaki imo," mjumbe akasema. "Kwa mengine mimi sijui, mimi nimetumwa handaki."

Basi ndivyo serikali ilivyo popote, mkono wa kuchukua huwahi kufika kuliko mdomo wa kueleza. Tufa akaenda kuchimba. Alichimba na watu wa nchini ambao hawakumwangalia usoni, na mchana walipogawana maji kibuyu kilimruka, kwa sababu mtu wa damu hanywi kibuyu kimoja na watu wa kijiji cha aliyemwua kabla ya kondoo kuchinjwa. Akachimba na kiu yake. Alijiambia kwamba kama wanamtenga kwa maji, basi wanamhesabu kuwa ndani, maana mtu wa nje hatengwi. Halafu akajiuliza kama hilo ni la kufurahia.

Siku ya tatu ya kuchimba, akaja Sori.

Sori ni mdogo wake Guta. Walichunga ndama pamoja na Tufa walipokuwa watoto, waliiba asali pamoja, na siku ya kifo kile Sori ndiye aliyembeba kaka yake mgongoni hadi kwa mama yao. Tangu hapo damu ya Guta ilikuwa juu yake, na watu hawakuacha kumuuliza ataichukua lini. Jibu lake lilikuwa tayari: yule yuko nje ya lango, nifanyeje, niivunje amri ya mfalme? Wenye heshima wakaitikia kwa kichwa. Akaoa, akapata ng'ombe, akapata kitambi, jibu likamtosha miaka yote. Sasa lango limesogezwa na jibu limekwenda nalo. Sokoni wakaanza kumtania kwamba mpaka umemsogezea nyama mdomoni, imebaki kutafuna. Shemeji zake wakamletea mkuki ulionolewa. Hawakusema kitu, waliuegemeza tu mlangoni, wakanywa wanzuki yake, wakaondoka.

Alimkuta Tufa amekaa chini ya mibuni, amechoka, hana hata kisu. Sori akasimama umbali wa kutupa mkuki, mkuki mkononi. Lomi akatoka ndani, akawaona, akakaa kizingitini na mabinti zake nyuma yake.

"Nilijua utakuja," Tufa akasema.

"Sikutaka kuja," Sori akasema. "Hama, Tufa."

"Nini?"

"Nakuomba uhame. Nenda huko mbele na wenzako. Ukivuka lile lango mimi nitarudi kwangu, nitawaambia yuko nje, kila mtu atakula chakula chake. Mbona wewe mgumu hivi?"

Tufa alimtazama kwa mshangao. Miaka yote mogani alimuota Sori akija, na katika ndoto zote Sori hakuwahi kumbembeleza.

"Nilishahama mara moja," akasema. "Na hili lango litahama tena. Mimi nitakuwa natembea mbele ya lango hadi nifike wapi, Sori? Baharini? Magoti yangu unayaona. Mibuni hii unaiona. Kama ni kuua, niue nikiwa nimekaa."

"Usiniambie hivyo. Mimi nikikuacha, kesho sina uso. Nikikuua, hawa watoto nitawaambia nini? Mtu wa aina gani huyu, anasogelewa na mpaka kama mgonjwa anayeletewa uji?"

"Mlaumu mfalme."

"Nenda wewe kamlaumu."

Kwa kweli hakuna aliyejua la kufanya, na mkuki ule mrefu ulikuwa umeanza kumchosha Sori mkono. Lomi ndiye aliyewakatia shauri. Akasema yeye ameshazika mume mmoja, na kaburi lake liko kwenye moga ulioachwa nyuma, sasa ng'ombe wanalikanyaga. Kwa hiyo kama wamekuja kuuana wamalize haraka, na kama hawaui waende kwa mwenye damu yake, mama yake Guta, badala ya kusimama shambani kwake kama vinyago.

Mama huyo, Badhatu, ndiye aliyekuwa ameushika ufunguo wa jambo lote. Wazee walimwendea mara nyingi kuomba kondoo achinjwe, na kila mara jibu lake lilikuwa moja: siku Tufa atakapokuja kwa miguu yake, kwa kupitia langoni, nyasi mbichi mkononi, siku hiyo nitamsikiliza. Na Tufa kila mara alikuwa akijibu kwamba asamehewe kwanza ndipo aje, kwa sababu kutoka langoni hadi nyumbani kwa mama yule ni safari ya nusu siku kati ya shemeji za Sori. Kila mmoja akamsubiri mwenzake. Wamekaa hivyo hadi mama amekuwa mkongwe.

Sori akaupeleka ujumbe mwenyewe. Akawakusanya wazee, wakaenda kwa mama yake, wakamweleza kwamba Tufa sasa yumo ndani ya nchi. Badhatu alikuwa anapepeta teff, ile nafaka yetu ndogo, hakuacha kupepeta.

"Amekuja?" akauliza.

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema ndiyo, kwa sababu yumo. Mwingine akasema hapana, kwa sababu hakusogea. Wa tatu akasema mtu akilala ndani ya nyumba na nyumba ikapanuliwa, hawezi kusema ameingia chumba kipya. Wa kwanza akamuuliza sasa huyo analala wapi. Sheikh mgeni aliyekuwa amefika siku hizo kutoka pwani ya kaskazini akaulizwa, akasema katika vitabu vyake mpaka hautembei, na hakuna aliyemwelewa. Walibishana hadi teff ikaisha ungoni.

"Nimeuliza neno dogo," Badhatu akasema. "Amekuja au amezungushiwa uzio kama mbuzi? Mbuzi akizungushiwa uzio hajaja kuomba msamaha. Nendeni."

Sori alirudi kwa Tufa na jibu hilo, na wakakaa nalo wawili, mmoja huku mwingine kule, wanaliangalia kama mtu anavyouangalia mtumba asiolijua fundo lake. Tufa ndiye aliyepata wazo, na wazo lenyewe alilitoa kwa aibu. Akasema basi atatoka. Atakwenda hadi lango jipya, atatoka nje, halafu ataingia. Atakuwa amekuja kwa miguu yake, kupitia langoni. Sori akafikiri. Akasema ni upuuzi. Akafikiri tena, akasema hata hivyo hauna kosa. Wakakubaliana kwamba Sori atamsubiri upande wa ndani, na akishaingia atatangulia mbele yake na mkuki ameuelekeza chini, ili shemeji zake waone kwamba mtu huyu yuko mikononi mwa mwenye damu na wasimguse.

Lomi aliposikia mpango alicheka, kisha akaacha kucheka, akamshonea mumewe kiraka kwenye shuka. "Mtu mzima unatoka nje ili upate kuingia," akasema. "Rudi lakini."

Abba Dima naye alipoelezwa akapandwa na hasira. Nguzo sasa zilikuwa zimeshindiliwa, handaki limechimbwa, vigingi vilivyochongwa vimepandwa chini yake, uzio wa miiba umesimama. Lango lilikuwa lango. Akasema kutoka, mtu anatoka. Lakini anayetoka upande wa Limmu kuja Jimma ni mgeni, na mgeni hukaa kwenye banda la nje hadi ruhusa ije kutoka kwa mfalme.

"Mimi si mgeni," Tufa akasema. "Nimechimba hili handaki kwa mikono hii."

"Ukitoka utakuwa mgeni."

"Na nikikaa?"

"Ukikaa sijui utakuwa nini. Mimi nalinda lango, kilicho nyuma yangu sikiangalii."

Tufa akatoka. Akang'oa nyasi mbichi ukingoni mwa kinamasi, akazishika, akaja kusimama mbele ya lango alilotoka punde, akabisha hodi. Walinzi waliomwona akipita wakamuuliza jina lake na anatoka wapi, kwa sauti ile ile wanayomuulizia mtu wa mbali. Akawaambia. Wakampeleka bandani. Mjumbe akapanda nyumbu kwenda kwa mfalme kuuliza kama mtu aitwaye Tufa aruhusiwe kuingia katika nchi aliyolala jana.

Akasubiri huko nje, na ruhusa haikuja. Nyasi zilinyauka, akang'oa nyingine. Upande wa pili wa handaki Sori naye alisubiri, kondoo amefungwa kamba, na kila asubuhi waliitana kuulizana habari. Waliulizana ya usiku, ya mvua, ya kondoo. Siku moja Sori akamuuliza kama anaikumbuka asali ya mzee yule kiziwi, na Tufa akasema anaikumbuka, alivimba jicho. Wakacheka. Kisha kila mmoja akakumbuka wa tatu wao katika wizi ule alikuwa nani, na kicheko kikakatika. Sori alikaa siku ile bila kuita tena. Alikuwa amechanganyikiwa kabisa. Chuki aliyokabidhiwa aitunze aliitafuta moyoni na hakuiona mahali alipoiacha, na hilo lilimuumiza kama usaliti kwa kaka yake.

Asubuhi iliyofuata farasi wa Limmu wakavuka kinamasi.

Tufa ndiye aliyewaona kwanza, kazi ya miaka haimtoki mtu. Akapiga ukelele ule wa moga. Ngoma ya hatari ikapokea, lango likafungwa, makomeo yakaingia, na yeye akabaki nje nalo. Alikimbia akagonga milango kwa ngumi mbili. Abba Dima kutoka juu alimwona vizuri, uso wake ulikunjamana kwa uchungu, lakini lango likishafungwa kwa ngoma halifunguliwi hata kwa mtoto wa mfalme, na hilo Tufa alilijua kuliko wote. Akaacha kugonga. Mkuki wa kwanza ukachoma udongo kando yake. Akaruka ndani ya handaki.

Lilikuwa handaki zuri, wenyewe walilichimba vizuri. Kigingi kikamwingia pajani kikatokea upande wa pili. Akalala pale chini anautazama ukuta wa udongo aliouchonga mwenyewe ili asiwepo mtu wa kuweza kuupanda.

Sori alikuwa juu, upande wa ndani, na watu wengi wakaona alichofanya, ndiyo maana mimi naweza kukusimulia. Aliangalia chini. Shemeji yake mmoja, aliyekuwa zamu ya ulinzi siku ile, akamwambia kwamba Mungu amemmalizia kazi, asiguse, aache. Sori akautupa mkuki wake, akachukua kamba ya kondoo, akaifunga kwenye nguzo ya uzio, akateremka. Mikuki ya Limmu ilikuwa ikipita juu ya kichwa chake. Akamng'oa Tufa kwenye kigingi kama unavyong'oa muhogo, akamfunga mgongoni kwa shuka ile yenye kiraka, akapanda naye akitukana. Alimtukana Tufa, akamtukana mfalme, akamtukana Abba Dima na farasi wake, na mwisho akamtukana hata Guta, kwa kukaa ukingoni akinywa pombe na kuchekacheka badala ya kumsaidia mwenzake na mwamba. Alipofika juu alikuwa analia.

Limmu waliposhindwa na lango wakaondoka. Abba Dima akaja, akasema aliyeingia kwa handaki ameingia kama adui na ana makosa. Kisha akashika bega la Sori kidogo, akamwazima nyumbu. Lakini nyumbu akagoma kumbeba Tufa kwa sababu ya harufu ya damu. Basi Sori akambeba mgongoni, njia yote, nusu siku, kondoo anafuata nyuma bila kamba.

Badhatu aliwaona wakiingia uani. Alisimama, akashika nguzo ya ukumbi. Mara ya mwisho Sori kuingia pale na mtu mgongoni, alikuwa ameingia na Guta. Wazee nao walikuwa wamefika mbio mbio, na hawakungoja Tufa atuliwe, wakaanza. Hakuja kwa miguu yake, akasema wa kwanza. Hakupitia langoni, akasema wa pili. Wa tatu akauliza nyasi ziko wapi. Nyasi zilibaki handakini.

Badhatu hakuwasikiliza. Alikuwa anamtazama mwanawe.

"Mkuki wako uko wapi?" akamuuliza.

"Niliutupa, mama. Nilitaka mikono miwili."

Badhatu akamwambia amtue, atavunjika mgongo. Tufa akalazwa mkekani. Alikuwa mzee, mwembamba, midomo imemkauka, na Badhatu alimwinamia akamkagua uso kipande kwa kipande, anatafuta kijana aliyemwua mwanawe, hakumpata.

"Mimi nilikuwa namchukia mtu wa kule nje," akasema, wala haikujulikana anamwambia nani. "Kila asubuhi nikigeukia huko. Huyu mmeniletea hapa ndani, nimfanye nini sasa?"

Akaita aletewe maji. Mzee mmoja akaguna, akamkumbusha kwa upole kwamba maji na mtu huyu bado, kondoo hajachinjwa.

"Mchinjeni basi," Badhatu akasema. "Nani amewashika mikono?"

Akamnywesha Tufa kwa kibuyu chake mwenyewe, na maji yaliyobaki akaanza kuoshea jeraha, damu ile anaifuta kwa kiganja. Tufa akalia kwa sauti, kama mtoto, wala hakujizuia.

"Mama," akasema, "sijui hata niko wapi."

"Nyoosha mguu," Badhatu akamwambia.